Ukiomba ruzuku ya COSTECH, anza na kalenda

Wadogo zangu mliomaliza uzamivu juzi juzi, maandiko yenu mengi hupitia mezani kwangu kabla hayajatumwa. Sayansi iko vizuri sana. Bajeti na ratiba ndizo zinazonitia wasiwasi, kwa sababu zinaonekana wazi kuwa zimeandikwa usiku wa mwisho.

MTUSATE, mfuko unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), ni fedha za umma na zina utaratibu wake. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Ukipata ruzuku, hela haiji kwako. Inapitia taasisi yako, na ukitaka kununua kitu unakwenda kitengo cha manunuzi kama kila mtu. Mimi nafanya kazi na mbu. Masika ni Machi hadi Mei, kwa hiyo hela ikiingia Juni, madimbwi niliyotaka kuchota viluwiluwi yameshaanza kukauka.

Kwa hiyo panga kazi ya mwanzo isiyotegemea mvua: kuchambua sampuli zilizopo kwenye friza, kufundisha wasaidizi, kupima mbinu. Hapo utakuwa na cha kuandika kwenye ripoti ya kwanza, hata kama mvua imekukwepa.

Vibali vinakula muda kuliko mnavyodhani. Ukiingia nyumbani kwa watu kutega mbu, unahitaji kibali cha maadili, na kwa utafiti wa afya ngazi ya taifa kinatolewa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha kuna barua ya mkoa, ya wilaya, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Anza kuvishughulikia mapema, na gharama zake ziingie kwenye bajeti.

Halafu vimeng'enya vya PCR, ile mbinu ya maabara ya kunakili DNA ili iweze kupimwa. Vinatunzwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na bei unayoiona kwa muuzaji ni mwanzo tu: kuna usafiri, barafu kavu, wakala wa forodha. Boksi langu liliwahi kukwama uwanja wa ndege wikendi nzima. Lilipofika maabara, barafu yote ilikuwa imeisha na kazi ikasimama hadi tulipoagiza upya. Tangu hapo naomba mzigo utumwe mwanzoni mwa wiki, na ada ya wakala naiandika kwenye mstari wake.

Kabla hujaandika hata utangulizi, kaa na mhasibu wa taasisi yako. Muulize posho za nje ya kituo ni kiasi gani kwa viwango vya sasa, taasisi inakata asilimia ngapi ya ruzuku, na masurufu, yaani fedha unazopewa mkononi kabla ya kazi, yanarejeshwa kwa stakabadhi zipi. Majibu hayo yatakuambia kama utafiti wako unahitaji wilaya tatu au moja.