Mama mkwe wako hajakosea kuhusu hiyo chai

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Tanga na mume wangu na watoto wawili. Tangu mwaka jana nikisimama naona kizunguzungu, nikifagia uwanja nachoka, nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio. Hospitali waliniambia damu yangu ni 8.4 na nimepungukiwa madini chuma, wakanipa vidonge. Nimekunywa, havikunisaidia. Mama mkwe amekuja kukaa nasi, ananiita mvivu. Ameniondolea chai mezani, ametupa pemba zangu, ule udongo ninaokula, na alipokuta vidonge nyuma ya kabati alipiga kelele mpaka majirani wakasikia. Mume wangu yuko upande wa mama yake. Nimemwomba hela ya unga wa kuongeza damu unaouzwa mtandaoni, amekataa. Hanijali. Hata siku zangu, zinazokwenda siku nane na mabonge, hajawahi kuniuliza. Nataka kurudi kwetu. Mama wawili, Tanga.*

Marahaba mwanangu, na pole. Damu ya 8.4 si jambo la kupuuza. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa afike 12. Kuchoka kwako ni kwa kweli, kwa sababu madini chuma yakipungua damu inashindwa kubeba hewa ya kutosha, na moyo unakimbia ili kufidia. Mama mkwe amekosea kukuita mvivu. Hapo nakutetea, na ndipo utetezi wangu unapoishia.

Unasema umekunywa vidonge. Kisha unasema mama mkwe alivikuta nyuma ya kabati. Vidonge vilivyomezwa havikutwi nyuma ya kabati, mwanangu. Uliviacha, na bila shaka uliviacha pale wengi wanapoviachia: choo kimekuwa cheusi, tumbo linasokota, ukaingiwa na hofu. Choo cheusi ni kawaida ya dawa hiyo. Tumbo likikusumbua, meza baada ya chakula, na ikishindikana rudi kwa daktari akupangie upya. Tena usiache siku kizunguzungu kinapokwisha. Damu ikisharudi sawa, kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi kama mitatu ili akiba ya mwili ijae.

Chai nayo. Kunywa chai pamoja na chakula au vidonge huuzuia mwili kufyonza madini chuma, na chai ya maziwa ni vivyo hivyo. Mama huyo pengine hakusomea utabibu, lakini kakuondolea kitu kinachokurudisha nyuma. Kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya kula. Kwenye sahani weka maini, nyama au dagaa unapoweza. Mchicha na kisamvu ni vizuri, ila madini chuma ya mboga hufyonzwa kidogo, kwa hiyo kamulia limau au malizia na chungwa. Na usidanganywe na rangi: wekundu wa rosela au bitiruti haugeuki kuwa damu.

Kuhusu pemba, alizitupa vizuri. Hamu ya kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huo huo unaougua, halafu udongo wenyewe unaweza kuzuia madini chuma yasiingie mwilini na kukuletea minyoo. Mumeo naye alifanya la mtu mzima kukataa kutoa hela ya unga usiojulikana una nini ndani, wakati dawa uliyoandikiwa na daktari imelala kabatini.

Sasa nije kwenye neno kubwa la barua yako, ambalo umelitupia mwishoni kama la kupita. Siku nane na mabonge! Hapo ndipo damu yako inapokwendea. Hedhi inayopita siku saba na kutoa mabonge inahitaji uchunguzi, maana huenda kuna uvimbe kwenye kizazi au homoni zimevurugika. Bila kutafuta chanzo, vidonge peke yake ni kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Unalalamika mumeo hajawahi kukuuliza. Wewe umewahi kumwambia? Mficha uchi hazai. Hili ndilo linaloniuma katika ndoa za siku hizi: mke na mume wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na simu yake, na maradhi ya mmoja yanajulikana kwenye kundi la WhatsApp kabla hayajajulikana chumbani. Zamani bibi harusi alikuwa na somo wake wa kumwambia mambo ya mwili. Masomo wamepungua, na mahali pao tumeweka wauza unga wa mtandaoni. Mwanamume hawezi kusoma yaliyo chini ya kanga yako. Mwambie kwa kinywa chako, kisha umpime kwa atakachofanya baada ya kujua. Kumhukumu kabla ya hapo ni kumwonea.

Wiki hii nenda naye hospitali. Mweleze daktari hizo siku nane bila kupunguza hata moja, omba upigwe ultrasaundi ya kizazi, upimwe damu upya, na uulizie minyoo ya safura pia. Ukizimia, ukikosa pumzi hali umekaa, au damu ikitoka mpaka unabadilisha pedi kila saa, usisubiri wiki iishe, nenda saa hiyo hiyo. Nyumbani, mwombe mama mkwe akae na watoto ulale mchana, na umweleze kwa nini. Mwanamke aliyepekua mpaka nyuma ya kabati kutafuta dawa zako anaweza kukusimamia uzimeze kila siku.

Habari ya kurudi kwenu niandikie tena damu ikishafika 12, kama bado utaitaka.