Usaili wa msimamizi wa kundi la wateja: mpe kazi, maswali pekee hayatoshi

Habari dada. Nimekuelewa: una duka la vipodozi Mwanza, kundi lako la WhatsApp linakaribia ukomo wa watu 1,024, na walioomba kazi ya kulisimamia wote wanajieleza vizuri.

Wape jaribio la nusu saa. Mteja analalamika mbele ya kundi zima kuwa krimu imemchubua uso, wawili wanamuunga mkono, na wewe hupatikani kwa simu. Kila mmoja aandike majibu yake palepale. Anayekimbilia kufuta ujumbe ana walakini. Mchukue anayemwambia mteja aache kuipaka na aende zahanati, anamfuata faraghani, kisha anarudi kulijulisha kundi. Muulize pia ni mtu gani angemwondoa kundini, na kwa nini. Wafuasi wengi wa Instagram wasikubabaishe, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Usiulize habari za ndoa wala ujauzito: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi huo hata kwa mwombaji. Mkataba apitie mwanasheria kabla hujamkabidhi mtu namba za wateja.