Mionzi ya simu: kuanzia stika za Kariakoo mpaka mnara wa jirani

Wiki hii maswali karibu yote yamekuwa ya mionzi ya simu, nimechukua haya machache maana mengi yanafanana, na nimeyafupisha kidogo.

Kaka, ni kweli simu inaleta kansa ya ubongo? Kazi yangu ni huduma kwa wateja, naongea na simu kutwa nzima. (Dada wa Sinza)

Dada yangu, tuanze na lile neno lenyewe maana naona ndo linatutisha. Kiswahili tunatumia neno moja tu, mionzi. Mgonjwa akienda Ocean Road, hospitali ya kansa, tunasema anapigwa mionzi, eksirei ni mionzi, jua lina mionzi, na simu nayo ina mionzi, sasa mtu akisikia hivyo kichwani kwake anaiona ileile ya Ocean Road. Sio ileile kabisa. Ya eksirei ina nguvu ya kuvunja DNA ndani ya seli, na kansa inaweza kuanzia hapo. Ya simu ni ndugu yake mawimbi ya redio, hii hii redio unayosikilizia taarifa ya habari, haina nguvu ya kukata DNA hata uongee masaa kumi, kinachojulikana vizuri kwamba inafanya ni kupasha mwili joto kidogo sana. Na ule moto unaousikia sikioni baada ya maongezi marefu, sehemu kubwa unatoka kwenye betri na mashine ya simu yenyewe.

Najua utaniuliza mbona WHO, Shirika la Afya Duniani, walisema inaleta kansa. Mwaka 2011 taasisi yao ya utafiti wa kansa, IARC, waliiweka kwenye kundi la 2B, maana yake ni "huenda", ushahidi upo mdogo na hautoshi kusema ndiyo. Kwenye kundi hilohilo baadae wakaingiza na maji ya jani zima la alovera, ambayo kuna watu hapa mjini wanakunywa kila asubuhi kama dawa. Walichokiangalia kikubwa ni utafiti wa nchi 13 uliotoka 2010, ambapo wale waongeaji wakubwa kabisa walionekana kuwa na uvimbe wa ubongo zaidi kidogo, ila wagonjwa waliulizwa wakumbuke waliongea kiasi gani miaka ya nyuma, we mwenyewe unakumbuka uliongea dakika ngapi mwaka juzi? Toka hapo Denmark wamefuatilia wateja wa simu zaidi ya laki tatu na nusu, Uingereza wakafuatilia kinamama zaidi ya laki saba, hawakuona ongezeko. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na WHO wenyewe, tafiti 63 zimewekwa pamoja, uhusiano na kansa ya ubongo haukuonekana, hata kwa waliotumia simu miaka kumi na kuendelea.

Kwa kazi yako vaa tu hedifoni. Ukiisogeza simu sentimita chache kutoka kichwani kinachokufikia kinashuka sana, na shingo nayo inapumzika.

Kuna jamaa anauza stika za kuzuia mionzi, anasema ni teknolojia ya Japani. Ninunue? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Usinunue. Hili linaniuma kweli kwasababu wanauziwa mpaka kinamama wajawazito. Mimi nilinunua moja mtaa wa Aggrey, elfu tano, kaduara ka dhahabu kana maandishi nisiyoyajua. Nikaibandika nyuma ya simu, nikakaa palepale kwenye kiti, mistari ya netiweki ilikuwa minne ikabaki minne, nikampigia mke wangu akanisikia vizuri tu. Sasa fikiria, simu inaongea na mnara kwa hiyo hiyo mionzi, stika ingekuwa inazuia kweli basi simu isingepatikana! Na ingekuwa inazuia nusu ingekuwa mbaya zaidi, maana simu ikiona mnara hauisikii inaongeza nguvu, kama konda anavyopaza sauti stendi ikiwa na kelele. Ndo maana ukiwa kwenye lifti au ndani kabisa ya yale maghorofa ya Kariakoo ambako netiweki ni mstari mmoja, hapo ndo simu inatoa mionzi mingi kuliko kawaida. Ukitaka kujikinga bila kutoa senti, subiri utoke nje ndo uongee, au tuma meseji.

Mwenye nyumba wa jirani kakodisha paa lake wamefunga mnara, mita kama 30 kutoka dirishani kwangu, nina mtoto mchanga. Nihame? (Mpangaji, Tabata)

Usihame kwa ajili ya mionzi. Zile antena zinarusha mawimbi kwenda mbele kama mtu kashika tochi usawa wa macho, aliye chini ya miguu yake anapata mwanga kidogo sana. Halafu umbali unasaidia mno, ukienda mara mbili zaidi nguvu inabaki robo. Vipimo vinavyofanyika maeneo wanayoishi watu kwa kawaida vinakuwa mbali sana chini ya kiwango cha kimataifa, na simu yako sikioni inakupa zaidi kuliko huo mnara. Tena ukiwa karibu na mnara simu yako inanong'ona tu, haina haja ya kupiga kelele.

Kama roho haitulii, kuna TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, hao ndo wenye dhamana ya mambo ya mionzi nchini, waandikieni barua kupitia serikali ya mtaa. Ila kama mnara una jenereta, moshi wake na kelele usiku ni haki yako kulalamika, kwa mtoto mchanga ule moshi ndo ungenikosesha mimi usingizi.

Mi ni bodaboda, simu naibana ndani ya helmeti ili niongee na abiria wanaonipigia. Itaniharibu ubongo? (Kimara)

Mdogo wangu, mionzi sio inayoniogopesha kwako. WHO wanasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali kama mara nne zaidi ya asiyetumia, na kuongea bila kushika hakusaidii kihivyo, kwasababu akili ndo imeondoka barabarani. Nimewahi kumsindikiza ndugu MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wodi ile vijana wa umri wako wamejaa, miguu imefungwa vyuma. Itoe hiyo simu kwenye helmeti leo. Abiria akipiga, paki pembeni, mpigie.

Kuweka simu mfuko wa mbele kunaua nguvu za kiume? (Kijana, Mbagala)

Uswisi walipima vijana 2,886, matokeo yakatoka 2023. Wanaotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku mbegu zao zilikuwa pungufu kuliko wasioigusa sana, lakini kuiweka mfukoni au la hakukuleta tofauti, na kupungua huko sio lazima kuwe kumesababishwa na simu. Sigara na uzito ndo ningevishuku kwanza.

Mwanangu, nina uvimbe nyuma ya sikio la kulia, upande ninaoongelea simu, mwezi wa nne sasa. Hauumi. Nimehamia sikio la kushoto lakini haupungui. (Mama, Magomeni)

Shikamoo mama. Hili nimeliweka mwisho ila ndo la kwanza kwa umuhimu. Uvimbe nyuma ya sikio unaweza kuwa tezi iliyovimba kwasababu ya maambukizi ya sikio au kichwa, inaweza kuwa TB ya tezi, inaweza kuwa kinundu cha mafuta tu, na inaweza kuwa kitu kinachotaka kukatwa mapema. Mimi siwezi kujua kwa kusoma, anayejua ni daktari atakayeushika na kuupima. Uvimbe ukipita wiki mbili bila kupungua unatakiwa uonwe, wewe umefika miezi minne, na naogopa hiyo miezi imepotea kwasababu tuliambiana ni simu. Simu haihusiki hapo mama, wala kuhamisha sikio hakutausaidia. Hospitali ya Mwananyamala sio mbali na hapo, uliza daktari wa masikio, pua na koo, mwambie umeanza lini na kama unakohoa au unatoka jasho usiku. Nenda kesho asubuhi, mjukuu akusindikize.