Kabla hujachimba msingi, tazama jua

Juzi msomaji kaniandikia: "Kaka, nimepata kiwanja Madale, nianze na paneli ngapi za sola?" Nikacheka kicheko cha uchungu. Na mimi nilianzia hapohapo.

Ramani ya nyumba yangu ya Goba, hapa Dar, niliichoresha kwa kutazama barabara. Barabara iko magharibi, basi sebule na chumba cha wageni vikaangalia magharibi, madirisha mapana, wapita njia waone. Sola nikafunga Januari: paneli sita, invata (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida), betri ya lithiamu. Nikatamba kwenye grupu la familia kwamba mimi na umeme wa kununua wa Luku basi tena.

Ikaja Juni. Saa nne usiku invata inalia pii pii, giza. Nikamlaumu muuza betri, tukakosana kabisa. Siku moja saa tisa alasiri nikapanda mwenyewe juu ya bati: kivuli cha simtanki kimelala juu ya paneli mbili, mviringo kama sinia. Dar tuko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Januari jua la mchana hupita kusini kwetu. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba hupita kaskazini, na mnara wa tanki niliujenga hukohuko. Paneli zimeungwa mfululizo, moja ikiingia kivulini inawavuta wenzake chini, betri haijai. Fundi wa mnara akaniambia, "Bosi, si ungesema?" Mpaka leo inanikera.

Halafu Desemba akaja mama mkwe. Saa tatu usiku ukuta wa magharibi wa chumba cha wageni ukiugusa bado una moto, feni mbili hadi alfajiri. Asubuhi akasema taratibu, "Baba, kumbe humu mnaoka mikate." Nyumba iliyokaa hivyo, betri gani itaitosha?

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Madale, paneli ziache kwanza. Ilaze nyumba urefu wake mashariki na magharibi. Madirisha yatazame kaskazini na kusini, upate kusi na kaskazi. Magharibi weka stoo na choo. Paa la upande wa kaskazini libaki tupu: tanki, dishi, mwembe wa jirani, vyote mbali. (Mwembe wa jirani utahitaji busara.) Upenu utoke nje vya kutosha, hizi nyumba za kuficha paa, zisizo na upenu, zinapendeza kwenye picha tu. Mchoraji akikwambia jua lipo kila mahali, tafuta mwingine. Mnapenda mno kuipendezesha barabara! Barabara haikununulii Luku.

Mnara nimeuhamishia kusini. Kwenye ule ukuta nimepanda mkungu, umefika kiunoni. Mama mkwe siku hizi akija, anaaga kabla ya magharibi.