Chuma kwa oili ya giaboksi: maswali yenu

"Fundi mambo, niko Maweni. Makanika amefungua sampu (ile karai ya oili chini ya giaboksi) ya Probox yangu oto, sumaku zimejaa tope jeusi, ati boksi imekufa ninunue ingine. Kweli?"

Ngoja kwanza kaka, usitoe pesa. Hizo sumaku zimewekwa na kiwanda kwa kazi hiyo hiyo, maana klachi na gia lazima zisagane kidogo na huo unga uende mahali. Chukua tope usugue kwa vidole, likiwa laini kama wanja ni kawaida tu, pangusa sumaku, weka filta na oili mpya uendelee na safari zako. Likikwaruza, ama ukaona vipande vyenye ncha, vya beringi, jino la gia, hapo ndio tuongee habari ya boksi. Halafu sumaku haishiki kila kitu: mwaga ile oili kwa beseni jeupe uimulike tochi, chembe za rangi ya dhahabu ni bushi za shaba, za fedha zisizoshika sumaku ni aluminiamu, kwa hivyo sumaku safi isikudanganye. Na fundi anayesema boksi imekufa bila kukuonyesha hata kipande, mi ningemuuliza hiyo ingine anauza nani.

"Assalamu alaikum, Noah yangu ni CVT (giaboksi oto ya mkanda), imewekwa ATF, ile oili nyekundu ya giaboksi oto za kawaida. Kuna shida?"

Waalaikum salaam dada, iko. CVT nyingi ni mkanda wa chuma unabanwa na puli za chuma, na oili yake ndio inafanya ushike bila kulana. Ukiweka isiyo yake mkanda unateleza, unachubua puli, chembe zinaenda kuziba vali. Mwaga mapema, weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Haitoki yote mara moja, ingine imebaki ndani, so mwaga, jaza, tembea kidogo, rudia.

"Nimeleta boksi ingine toka Mombasa, nayo inaslip hata Watamu sijafika. Nimerogwa?"

Hujarogwa bwana, uliza kama kula ya oili (cooler, ile ya kupoza oili ya giaboksi) ilisafishwa. Ile iko ndani ya rejeta, uchafu wa boksi ya kwanza umelala humo, ukifunga ya pili unasukumwa wote ndani. Paipu zioshwe, kula nayo ni heri ubadilishe. Na oili ikiwa ya pinki imechanganyika kama ina maziwa, maji ya rejeta yameingia, usiwashe tena, ita breakdown.