Maswali ya kompyuta kuukuu: intaneti imekatikia wapi?

Barua za mwezi huu, kutoka Lamu hadi Malindi, karibu zote zinaishia kwa swali moja: "Fundi, ninunue mashine nyingine?" Naomba tusubiri kidogo. Chombo kikiingia maji hakichomwi moto. Hutafutwa ubao unaovuja, kikatiwa kalafati. Kompyuta isiyoshika intaneti ni hivyo hivyo. Kuna waya, kuna modemu (kifaa kinachoiunganisha kompyuta na mtandao), kuna mtoa huduma, kuna tovuti yenyewe, na mara nyingi palipokatika ni pahali pamoja tu.

Assalaam aleykum fundi. Babu yetu ametuachia kompyuta ya Windows 98 yenye modemu ya simu ya waya, pamoja na karatasi ya namba ya kupiga, jina na nenosiri. Simu ya nyumbani ingali na mlio. Tukibonyeza kuunganisha, inalia kidogo kisha inaandika kosa 678. Mama angependa kuiona ikifanya kazi. (Mjukuu, Shela ya Malindi)

Wa aleykumu salaam. Mungu amrehemu babu, na nimefurahi sana kuwa hamkuitupa.

Modemu ya namna hii hujieleza kwa sauti, kwa hiyo fungueni spika, mkae kimya, msikilize. Kwanza mtasikia mlio wa simu, ule unaosikika mkono wa simu ukiinuliwa. Kisha tarakimu zikipigwa, kisha simu ikiita upande wa pili. Halafu huja kelele ya kukwaruza ya nusu dakika hivi: hapo modemu mbili zinasikilizana na kupatana kasi. Kelele ikikoma, skrini huanza kukagua jina na nenosiri.

Sasa tazameni ilipokwama. Ingesimama mwanzo kabisa mngepata kosa 680, yaani modemu haikusikia mlio. Hapo huangaliwa kama waya umeingia tundu lililoandikwa Line na si la Phone, na kama vichwa vyake havijaota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Namba ikiwa inatumiwa na mwingine, huwa 676. Kelele ikipita salama kisha ikaja 691, jina au nenosiri limekataliwa, na mara nyingi ni herufi kubwa iliyoandikwa ndogo. Lenu ni 678: mlio upo, namba imepigwa, ila upande wa pili hakuna aliyepokea.

Jaribio la mwisho halihitaji fundi. Chukueni simu ya kawaida, pigeni namba iliyo kwenye karatasi ya babu, mtege sikio. Ikipokelewa na mashine inayopiga kelele, huduma ipo na turudi kwenye mipangilio. Ikiita bure, au mkaambiwa namba haipo, basi modemu ya upande wa pili ilishazimwa. Naogopa hilo ndilo mtakalolikuta. Kwetu watu walianza kuhamia simu za mkononi mapema, na nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009 mambo yakabadilika kabisa. Hata Marekani, kampuni ya AOL iliyofunza mamilioni ya watu intaneti ya namna hii ilifunga huduma yake tarehe 30 Septemba 2025. Na hata mngebahatika kupokelewa, modemu hizi mwisho wake ni kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa vitendo ni kilobaiti nne au tano. Picha moja ya megabaiti tatu ingewachukua dakika kumi.

Mimi nimewaza jambo jingine tangu niisome barua yenu. Ndani ya mashine hiyo huenda mna barua za babu, hesabu zake, picha. Diski ya umri huo inaweza kukata roho siku yoyote, kwa hiyo acheni kuiwasha na kuizima kwa majaribio. Windows 98 haisomi flashi hivi hivi bila kuongezewa programu, kwa hiyo njia ya mkato ni kuitoa diski, kuiunganisha kwa adapta ya kutoka IDE (kiungo cha diski za zamani) kwenda USB, na kunakili kila kitu kwenye kompyuta mpya. Fanyeni hivyo kwanza. Mama akishaziona barua za baba yake, hilo la intaneti mtalitazama kwa utulivu.

Fundi, mimi ni mwalimu wa madrasa Matondoni. Nina laptopu ya Windows 7 na modemu ya kuchomeka, ile ya kutia laini ya simu. Jana ilikwenda vizuri, leo inaandika kosa 633. Nimenunua bando mara mbili, wapi!

Maalim, pole kwa bando hizo, kwa sababu hazikuwa na kosa lolote. Ujumbe wa 633 maana yake ni kuwa modemu ama inashikwa na programu nyingine, ama mipangilio yake imeharibika. Laptopu haijafika hata kwenye mnara, seuze kwenye bando.

Watu wengi hawajui kuwa modemu hii ya kuchomeka ni ndugu ya ile ya babu wa Shela. Nayo hupiga simu. Namba yake ni *99#, nawe huisikii kwa sababu haina kelele. Kwa hiyo matatizo yao yanafanana. Fanya hivi: funga programu ya modemu, ichomoe, zima laptopu kabisa, iwashe, kisha uichomeke katika tundu lile lile la jana. Tundu lina maana. Ukibadilisha, Windows huiona kama modemu mpya na kuipa njia nyingine, huku programu ikiendelea kuitafuta kwenye njia ya zamani. Usipitishe kwenye kigawanyo cha matundu pia. Modemu hizi zinakula umeme, na tundu la USB la laptopu ya zamani hutoa miliampea 500 tu.

Ikibaki vile vile, fungua mipangilio. Namba iwe *99#. Ikiwa laini yako ni ya Safaricom, sehemu ya APN (jina la njia ya data ya mtoa huduma) andika safaricom, jina saf, nenosiri data. Ikikataa tena, toa laini uitie kwenye simu. Data ikienda kwenye simu, ubovu uko kwa modemu au laptopu. Isipokwenda, ni laini, na hapo ndipo pa kwenda kwa mtoa huduma. Tafadhali maalim, usinunue bando la tatu kabla ya jaribio hili.

Nyumba yetu ni ya mawe, Mkomani. Modemu ikiwa mezani ndani haipati mtandao, nikitoka kiwandani, yaani uani, unajaa. Nifanyeje?

Dada, ukuta wa matumbawe ni mnene, na mawimbi ya simu hupita humo kwa shida. Wazee walijenga kwa ajili ya joto, na joto kweli halipiti. Tafuta waya wa USB wa kurefushia, usizidi mita tano, maana ukizidi hapo ishara ya USB yenyewe hudhoofika. Modemu itoke nje kuelekea kiwandani au ipande juu karibu na makuti, kompyuta ibaki mezani. Ifunike mvua isiifikie. Ukiwa na simu ya kisasa, iweke hapo juu na uwashe hotspoti, mradi kompyuta iwe na waifai.

Kila tovuti ninayofungua inaniambia si salama. Hata za serikali! Nimeingiliwa na wezi wa mtandao? (Langoni)

Kabla ya kuogopa wezi, tazama saa iliyo pembeni mwa skrini. Nina yakini kubwa utakuta mwaka umerudi nyuma sana. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo bapa kama sarafu, CR2032 ya volti tatu, inayotunza saa umeme ukikatika. Ikiisha, kila ukizima mashine inasahau tarehe. Tovuti nazo huonyesha vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha; kompyuta inayodhani tuko 2009 itaviona vyote havijaanza kutumika, na itakataa. Rekebisha tarehe, jaribu tena. Ikikubali, nunua betri. Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano, mashine ikiwa imechomolewa ukutani.

Tarehe ikiwa sahihi na bado inakataa, ubovu ni uzee wa programu. Windows XP iliachwa bila sasisho za usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tangu 14 Januari 2020. Kwa Windows 7 bado waweza kupata programu za kufungulia tovuti: Firefox 115, au Chrome 109 ambayo ndiyo ya mwisho kuikubali. Kwa XP, milango mingi imeshafungwa.

Naweza kuingia benki kwa kompyuta ya Windows XP?

Hapana. Iandikie barua, ifanyie hesabu za duka, watoto wajifunze kuchapa. Pesa zako usizipitishe humo.

Mvua za masika zikianza huchomoa kompyuta kwenye umeme kila radi ikipiga. Yatosha? (Bi mkubwa, Malindi)

Haitoshi, bibi, ikiwa modemu yako ni ya simu ya waya. Hili nalijua kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilichomoa waya wa umeme wa mashine ya mteja, nikauacha wa simu kwa sababu niliona ni mwembamba, hauna nguvu. Radi ikapiga usiku. Asubuhi modemu ilikuwa imeungua, na ubao mkuu nao ukafa pamoja nayo. Waya wa simu hutembea mbali juu ya nguzo, na radi huifuata njia hiyo kama inavyoufuata wa umeme. Chomoa zote mbili, bibi, na uchomoe mawingu yakianza kukusanyika, kabla hujasikia ngurumo. Ngurumo ikishasikika, usiziguse tena nyaya hizo mpaka ipite.

Na unapozirudisha, pangusa kwanza vichwa vyake kwa kitambaa kikavu. Hewa ya pwani huacha chumvi hata juu ya kitu kilicholala usiku mmoja tu.