Jibu: Lugha rasmi ina faida gani?

Mkuu, umeuliza kama nchi inahitaji kweli lugha rasmi kisheria. Mimi nasema inahitaji, ila kuitangaza tu hakutoshi. Uganda waliingiza Kiswahili kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, na bado shughuli za serikali zinakwenda kwa Kiingereza.

Angalia mahakama zetu hapa Bongo zilivyokuwa zamani, kuanzia ya wilaya kwenda juu. Shahidi alikuwa anaeleza kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, hukumu inatoka kwa Kiingereza, halafu aliyefungwa anatafuta wa kumsomea kosa lake! Sheria ikabadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Faida ndiyo hiyo. Mambo ya uzalendo mimi nayaweka pembeni. Sekondari je? Huko bado Kiingereza.